Karani Hakuamini Majani ya Juu

Kwenye mazishi ya kwetu, upande huu wa Kapsoit, kuna sheria moja ambayo kila kamati inaijua bila kukumbushwa: Karani asipewe kipaza sauti.

Alipewa mara moja tu. Alikuwa amekufa mzee mmoja wa kanisa, na tangu asubuhi watu walikuwa wanamsifu kwamba alikuwa mpole, mkarimu, baba wa wote. Karani akasimama, akavua kofia, akakohoa ndani ya kipaza sauti mpaka mbwa wakaondoka. "Huyu alikuwa jirani yangu," akasema. "Huo upole mnaosema, mimi niliuona Jumapili. Siku zingine ulizeni ng'ombe wake. Lakini mtu akifiwa hapa kijijini, kuni za kwanza zilikuwa zake, alileta mwenyewe kwa bega, na hakuna mmoja wenu amesema hiyo. Mmetuletea majani ya juu." Akaketi. Mjane, ambaye alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka, alificha uso ndani ya leso, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa namna ambayo haikuwa kilio. Pasta alikichukua kipaza sauti upesi, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Jina lake sitalitaja, na hata nikilitaja wengi hawatajua ni nani. Hata wanawe walimwita Karani. Kazi yake ilikuwa pale kwenye banda la chai, kukagua majani ya wakulima kabla hayajapimwa na kupakiwa kwenye lori la kiwandani. Kiwanda kilitaka majani mawili na kichipukizi. Mkulima naye alitaka kikapu kijae. Kwa hiyo kila mkulima wa kwetu, na hapa nawahesabu mashemasi na walimu wa shule ya Jumapili, alijua kupanga kikapu: majani magumu, vijiti na mabaki ya jana yanakaa chini, halafu juu unatandika yale laini yanayong'aa, kama kitanda cha mgeni.

Karani hakuyatazama ya juu hata kidogo. Alikunja mkono wa kulia wa kabuti lake, akaingiza mkono kikapuni mpaka kwenye kiwiko, na huku mkono unatafuta, yeye anaangalia mbali milimani, kama mtu anayekama ng'ombe. Halafu anautoa, ngumi imefungwa. Anaifungua. Anasema neno moja kati ya maneno mawili. "Pima," au "Rudisha." Hakuwahi kuongeza la tatu. Ukilia, rudisha. Ukimtolea Biblia, rudisha. Kabuti lile lilikuwa safi kila mahali, viatu vilipakwa rangi kila asubuhi, isipokuwa mkono ule mmoja, ambao utomvu wa chai uliufanya mweusi na mgumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa.

Siku moja aliyarudisha majani ya mke wake mwenyewe, mbele ya foleni yote. Wiki hiyo alikula kwetu. Mama yangu, ambaye alikuwa amerudishiwa kikapu siku hiyohiyo, alimpakulia ugali uliokwaruzwa kwenye sakafu ya sufuria, ukoko mweusi mtupu.

"Nimekuwekea ya chini, Karani," akamwambia. "Si ndiyo unapenda."

Aliutafuna wote. "Imeungua," akasema, "lakini haijafichwa." Akaomba mursik ya kuteremshia, yale maziwa yetu ya kibuyu yanayogandishwa na unga wa mkaa.

Usidhani alikuwa mtu aliyenyooka kila upande. Maisha yake yote alipitisha chai ya watu na yeye mwenyewe hakunywa chai. Alikunywa kakao. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba anajua kilicho ndani. Shamba lake la chai lilikuwa aibu ya kijiji: michai ilikuwa imeachwa bila kupogolewa mpaka ikawa miti, na ndege walitaga humo. Na mtu huyu ambaye alikuwa akimtazama chifu machoni na kumwambia "Rudisha," aliogopa sindano kiasi kwamba waliokuja kuchanja watu kijijini walimkuta ndani ya ghala la mahindi, amejifunika gunia, anadai anakagua panya.

Alipostaafu, mkono haukustaafu. Kwenye harusi hakupokea chakula cha juu. Alichukua upawa kwa mpishi na kuchota kwenye kina cha sufuria. Sokoni aliyamwaga magunia ya viazi. Familia moja ilimwita akamwangalie kijana aliyekuja kuposa binti yao. Walipoenda kwa kijana, wazee wengine walikaa sebuleni wakisifu makochi. Karani aliomba kwenda kunawa, akapitia chumbani, akainama chini ya kitanda, akarudi na kiatu kimoja cha kike, kirefu kisigino, akakiweka mezani kati ya vikombe. Posa ikaahirishwa mpaka leo.

Mimi aliniita Mtalii. Nilimaliza sekondari na miguu yangu ikakataa kukaa. Nimepakia miwa chini ya Fort Ternan, nimeuza mitumba Bomet, nimelinda maghala ya watu katika miji ambayo siwezi kuipata tena hata nikipewa nauli. Kila niliporudi kusikia harufu ya chai inayokaushwa, ile inayoshuka kutoka kiwandani jioni na kukaa kwenye nguo, nilimkuta Karani kwenye benchi la duka. "Mtalii," anasema bila kuinuka. "Umekuja kupiga picha?" Nilicheka, na kwa kweli nilikuwa nimekuja kupiga picha tu, kwa macho, nikaondoka tena.

Mara hiyo moja sikuja kutazama. Dada yangu Chebet, ambaye ni mwalimu na hapendi kupiga simu ya bure, alipiga simu akasema, "Njoo. Mama." Uvimbe ulikuwa umeenea. Hospitalini walikuwa wamesema hakuna cha kukata wala cha kuchoma, arudi nyumbani, na wakamwambia Chebet aende akaongee na watu wa hospisi.

Hospisi yenyewe ni nyumba ndefu ya mabati mekundu, ng'ambo ya mashamba makubwa ya chai. Inatunza watu ambao ugonjwa wao hauponi. Wengine hulazwa pale, wengine hutembelewa kwao na muuguzi mwenye mfuko wa dawa. Vijana wa bodaboda wanaiita Steji ya Mwisho. Abiria akishuka pale wanamuuliza kama atahitaji kurudishwa.

Mama alikuwa amelijua jina hilo kabla ya kuijua nyumba. "Mimi siendi Steji ya Mwisho," akasema, amelala ubavu, magoti yamekunjwa mpaka kifuani. "Na hao watu wasiingie hapa kwangu na ile dawa yao. Hiyo dawa ndiyo inamaliza watu."

"Mama, ni ya maumivu," Chebet akasema. "Ni morfini. Inapimwa."

"Nani anapima?"

"Muuguzi."

"Muuguzi simjui." Akauma pembe ya leso mpaka kitu fulani ndani yake kikapita. Kisha akasema neno ambalo lilimfanya Chebet atoke nje akapige teke ndoo. "Karani aende akague. Akisema wapime, waje."

Chebet alirudi na sauti ya darasani. "Mama, huyo ni mzee wa majani chai. Atajua nini kuhusu wagonjwa?"

"Na mimi nimekuwa nini maisha yangu yote, kama si majani chai?" Mama akasema. "Daktari ananiambia nitakuwa sawa. Pasta ananiambia nitakuwa sawa. Wewe unaniambia nitakuwa sawa, na unalia jikoni, nakusikia. Karani amenirudishia vikapu tangu nikiwa msichana. Ataanza leo kunidanganya?"

Basi ikawa hivyo. Mwili wa mama yangu ulikuwa unangoja neno la mtu aliyejificha ghalani akikimbia sindano.

Karani alipaka viatu rangi. Nilikwenda naye. Sikutaka amkere mtu mpaka tufukuzwe kabla ya mama kupokelewa, na alianza kukera kabla hatujafika mlangoni, maana mlangoni hakupita. Alizunguka nyuma, akaingia jikoni, akachota uji kwenye sakafu ya sufuria, akaonja, akanusa taulo zilizoanikwa. Kisha akaingia wodini, akakunja mkono wa kabuti, akauingiza chini ya godoro la mzee mmoja aliyekuwa amelala akisikiliza redio.

"Unatafuta nini?" yule mzee akauliza. "Pesa yangu?"

"Unyevu."

"Nenda utafute kwako."

Hapo ndipo alipotokea Sista, muuguzi mkuu wa pale. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mzaliwa wa nyumba za wafanyakazi wa kampuni, baba yake alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani na hakurudi. Kipsigis, lugha ya kwetu, alikizungumza vizuri kuliko baadhi yetu.

"Mzee, umepotea?"

"Mimi sipotei. Nakagua."

"Umetumwa na kaunti?"

"Nimetumwa na Mama Chebet."

"Huyo ni nani?"

"Mgonjwa wenu," Karani akasema, "kama mtafaulu."

Sista alinitazama mimi. Niliangalia dari. Akasema sawa, kagueni, lakini mkono utoke chini ya godoro la mgonjwa wake, na ukanawe. Karani akanawa. Alikaa kwenye benchi la ukumbini siku nzima, kofia magotini. Waliletewa chakula wagonjwa, wakageuzwa ubavu waliohitaji kugeuzwa, wakapewa dawa kwa saa yake. Mwanamke mmoja aliimba akaacha, wawili waligombana kuhusu kituo cha redio. Mimi nilitoka pale na moyo mwepesi. Nikamuuliza njiani anasemaje.

"Rudisha."

Nilidhani anatania. "Kwa nini?"

"Hakuna anayelia," Karani akasema. "Nyumba imejaa watu wanaokufa, na hakuna hata mmoja analia. Umeona wapi? Wameficha mahali."

Alirudi tena Jumapili, siku ambayo wakubwa hawapo, akitarajia kukuta uchafu. Alikuta mashuka makavu. Alirudi mvua ikinyesha, akitarajia kukuta paa linavuja na watu wamesahauliwa. Alikuta blanketi la ziada kwenye kila kitanda, na yule mzee wa redio akamwita, "Wewe wa unyevu, njoo ukae." Na kadiri alivyokosa kasoro, ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Nililielewa tatizo lake na sikuweza kumsaidia. Katika kazi yake yote hakuwahi kutoa ngumi chini ya kikapu ikafanana na ya juu. Kikapu kizuri kupita kiasi, kwake, kilikuwa kikapu cha mwizi hodari.

Na nyumbani Mama alikuwa anakwisha. Alikuwa ameacha kukaa kitako. Maziwa aliyageuzia uso. Kila Karani alipotoka safari yake, Mama aliniuliza kwa macho, nami nikasema bado, naye akairudisha leso mdomoni. Chebet alikuwa amekonda karibu kama yeye.

Nikamkuta Karani dukani, nikamkalia mbele. "Karani, Mama anaumia. Unatafuta nini huko?"

"Chini."

"Na kama hakuna?"

"Kila kikapu kina chini, Mtalii. Nikimwambia apokee kabla sijafika, nitakuwa kama pasta."

"Basi fika leo."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliinuka, kakao ikiwa bado nusu, tukaenda.

Sista alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, anatoa tope kwenye buti kwa kijiti. Alipomwona akashusha pumzi. "Mzee, leo unataka kukagua nini? Choo?"

"Nilikagua choo Jumapili."

"Kaa hapa," Sista akasema. Akasogea, Karani akakaa kando yake. "Niambie ukweli. Unatafuta nini kwangu?"

"Natafuta chini. Kila mahali pana chini."

"Ungeuliza."

"Watu wakiulizwa wanadanganya."

"Uliza."

Karani alimtazama kama mtu aliyeambiwa na mkulima achague mwenyewe kikapu cha kurudisha. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Chini kuna nini?"

Sista aliendelea na tope lake. "Chini kuna barabara," akasema. "Mvua kubwa ikinyesha kuna mabonde sifiki. Kuna mama ng'ambo ya mto, nilimwahidi nitakuja asubuhi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Mto ukajaa. Nilifika siku ya pili, na alikuwa amekufa usiku, kwa maumivu, akiuliza kama nimefika mlangoni. Bintiye hanisalimii mpaka leo, na ako na haki." Akatupa kijiti. "Chini kuna dawa inachelewa, tunapiga simu huku na huku kuazima. Chini kuna mimi nikichoka. Kuna siku namjibu mgonjwa vibaya. Halafu naenda kwa stoo, pale kwa magodoro, nafunga mlango, nalia. Wenzangu pia. Tunapokezana."

"Kwa stoo," Karani akasema.

"Kwa stoo. Si nilisikia unauliza wapishi mbona hapa hakuna anayelia? Ni sisi, mzee."

Kuku alikuja akadonoa tope la buti, akaondoka. Kisha Karani akaukunjua mkono wa kabuti, akaufunga kifungo, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona akilifanya mchana.

"Mbona hukuniambia siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ulikuwa umeingiza mkono chini ya godoro la mgonjwa wangu," Sista akasema. "Shukuru sikukuitia polisi."

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado kwenye michai, Karani alivuta kigoda karibu na kitanda cha Mama. Chebet alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Uko aje, Mama Chebet?"

"Niko sawa."

"Hayo ni ya juu," Karani akasema.

Mama alimtazama. Nilidhani atamtukana, alikuwa na matusi mazuri alipokuwa na nguvu. Midomo ikatetemeka badala yake. "Ninaumwa, Karani," akasema. "Ninaumwa mpaka nimesahau namna ya kuomba. Nasema tu iishe, iishe. Nasema hata mchana, hawa watoto wakiwa hapa." Wiki zote hizo hakuwa ametuambia hivyo. Chebet aligeuka akaangalia ukuta.

Karani alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea hesabu iliyokamilika. Hakumpa pole. "Wale nao," akasema, "chini yao nimefika." Akamweleza yote. Barabara, mto, yule mama aliyekufa akingoja, dawa inayochelewa, Sista anayejibu watu vibaya na kulia stoo. Hakupunguza hata moja. Niliona Chebet akinikodolea macho kwamba nimnyamazishe.

"Kwa hiyo mvua ikinyesha sana wanaweza wasifike," Mama akasema.

"Wanaweza."

"Na hiyo dawa haimalizi watu?"

"Niliowaona wameinywa wanagombania redio. Kuna aliyekufa nikiwa hapo. Aliinywa, wakaongea na bibi yake maneno ya ng'ombe, wakabishana, wakacheka, halafu akalala. Ugonjwa ulimuua. Dawa ilimwacha amalize mazungumzo."

Mama alifumba macho.

"Pima," Karani akasema.

"Maisha yangu yote," Mama akasema bila kufumbua macho, "nimengoja uniambie hilo neno bila kubishana." Kisha akasema, "Waje kesho."

Walikuja. Sista alishuka kwenye bodaboda na mfuko wake, akakaa kitandani kama ndugu, akauliza maswali ambayo hatukuwa na ujasiri wa kuyauliza. Siku iliyofuata Mama alikaa kitako. Baada ya hapo akaitisha mursik, akasema imekaa sana, nani aliitayarisha, akatuma watu wapogoe michai ya mpakani, akamwambia Chebet nywele zake zinatisha wanafunzi. Sista akawa anamwita "Mwalimu Mkuu." Mama naye akawa anamuuliza kama kwao wanaoga kabla ya kula samaki au baada, na Sista anamjibu kwamba wao angalau hawaweki mkaa kwenye maziwa.

Mvua ile ilikuja kweli. Barabara ikakatika, bodaboda zikagoma, na Sista, ambaye tulimtarajia asubuhi, alifika jioni kwa miguu, tope mpaka mapajani. Alianza kuomba msamaha tangu getini. Safari iliyopita alikuwa ameacha dawa ya ziada, akihofia mvua hiyohiyo, kwa hiyo Mama hakuwa ameumia. "Keti, mwanangu," Mama akamwambia. "Mimi niliambiwa mapema." Alifariki siku nyingine kabisa, hewa ikiwa kavu, saa za mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Chebet ambaye alikuwa anamsuka, wakibishana kama mistari iende mbele au nyuma.

Kwenye mazishi kamati ilishika sheria yake. Chebet ndiye aliyeivunja. Alimpelekea Karani kipaza sauti mkononi, pasta akitazama. Karani alisimama. "Huyu mama alikuwa anaficha majani mabaya chini," akasema. "Nilikuwa najua. Na yeye alijua najua. Na alikuja tena kesho yake." Akaketi. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote siku hiyo, na ndiyo pekee niliyoikumbuka nilipoondoka, kwa sababu niliondoka, kama kawaida yangu.

Nimemwona mara moja tu tangu hapo. Nilikuwa Longisa, nina kibanda cha kutengeneza viatu nje ya soko, Chebet akaniambia Karani amelazwa kwa Sista. Ini. Nilifunga kibanda nikaja.

Nilipitia jikoni. Sista alikuwa anasuuza vikombe. "Afadhali umekuja," akasema. "Anatukagua kila tukibadilishana zamu. Anasema kakao yetu ni maji ya kuoshea. Pasta alikuja kumwombea, akamwambia arudie, ilikuwa ndefu na katikati haikuwa na kitu."

Alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, amekuwa mdogo, amekuwa wa manjano. Kabuti limetundikwa kwenye msumari, mkono wake mweusi umening'inia peke yake. Dirishani ilionekana michai ya kampuni, sawasawa kama zulia, na wachumaji wakielea juu yake kiunoni.

"Mtalii," akasema. "Umekuja kupiga picha?"

"Uko aje, Karani?"

"Niko sawa. Hawa watu wako wananitunza. Sindano ni chache, dawa ni ya kunywa."

"Hayo ni ya juu," nikasema.

Alinigeuzia macho. "Nani alikupa kazi yangu?"

Nilivuta kiti.

"Chini kuna woga," akasema hatimaye, akiangalia wachumaji. "Si wa kufa. Nimeona vile wanakufa hapa, haina makelele. Ni kwamba nimerudisha watu wengi, Mtalii. Wengine walikuwa wametoka mbali na kikapu mgongoni. Wengine walikuwa wajawazito. Sasa naenda mahali, na sijui nani anasimama mlangoni. Kama amesimama mtu kama mimi?"

Pasta angekuwa na la kumwambia. Nilikunja mkono wa shati, nikauingiza chini ya blanketi lake mpaka kwenye kiwiko, nikitafuta, huku nikiangalia mbali milimani kama alivyokuwa akifanya yeye, mpaka nikakutana na mguu. Ulikuwa baridi na mkavu, mifupa mitupu. Niliushika kwa ngumi nzima.

"Pima," nikasema.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Sista akachungulia mlangoni kuona nani ameuawa. Alipotulia alijifuta macho na kona ya shuka.

"Hujui kazi," akaniambia. "Wewe ungepitisha kila kitu."

Lakini mguu hakuutoa.